Mzigo Haukufika: Shajara ya Kijitabu cha Albamu Kumi na Mbili

5 Oktoba

Nimeanza. Nimenunua kaunta buku jipya, nimeandika tarehe, sasa sina pa kukimbilia.

Mradi wenyewe ni kijitabu cha kurasa 24 cha kutoa kopi, juu ya albamu 12 za roki ya gereji na za bendi ndogo zilizotegemea kampuni ndogo, zile ambazo mashabiki wake huziita indi. Zote ni albamu ambazo siku zilipotoka dunia iliendelea na shughuli zake. Kila albamu itapewa kurasa mbili. Nitatoa nakala 40 za bure, nizigawe kwenye saluni, vijiwe na kwa mafundi. Iwe imekwisha kabla ya Krismasi, maana Januari dukani kwetu ni mwezi wa kuhesabu stoo na hakuna mwenye akili ya kuandika.

Nilipomwambia jirani wa duka kwamba naandika juu ya muziki wa gereji aliniuliza gereji ipi, ya Ilala au ya Tabata. Sikumlaumu. Gereji ya Marekani ya miaka ya 60 ni chumba cha gari kilichoshikana na nyumba: baba akitoa gari kwenda kazini, watoto wanaingiza dramu. Gereji ya kwetu ni uwanja uliolowa oili chafu, na Noah isiyo na injini imekaa juu ya matofali tangu mwaka juzi. Mimi nauza vipuri mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa hiyo hii ya pili ndiyo naijua. Na kwa kweli muziki huu naona unakaa vizuri zaidi kwetu kuliko kwao. Ni gari linalotembea kwa kipuri kisicho chake. Linatoa moshi, linapiga kelele, lakini abiria wanafika Mbagala.

Kabla ya kusikiliza chochote nimepiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nimeandika HAIKUFIKA. Kulia, ILIFIKA IKAKATALIWA. Nimechoka kusoma kila mahali kwamba albamu fulani "imesahaulika". Mtu hawezi kusahau kitu ambacho hakupata kukisikia. Kipuri kikikaa rafuni miaka mitatu, ama wateja hawakujua kwamba ninacho, ama walijua, wakakishika, wakakirudisha. Hizo ni kesi mbili na kila moja ina dawa yake. Nataka kila albamu kati ya hizi 12 nijue inakaa upande gani.

11 Oktoba

Siku nzima imekwenda kwa sabufa. Spika yake kubwa ilikuwa imechanika pembeni, nikampelekea fundi wa mtaani, akaipaka gundi na kuniambia nisiipigie singeli kwa wiki moja. Nikamwahidi. Roki hakuitaja.

Nikaanza na The Sonics, Here Are The Sonics, ya 1965. Hawa ni vijana wa Tacoma, mji wa mashine za mbao na bandari upande wa kaskazini-magharibi mwa Marekani, na kampuni yao ndogo iliitwa Etiquette. Sabufa imeundwa kwa ajili ya besi, na Sonics besi hawakuipa nafasi kubwa: kila kitu kimebanana juu, dramu inasikika kama mtu anabomoa kabati, saksafoni inakwaruza, na Gerry Roslie anaimba hadi unamwogopea koo lake. Wimbo mmoja unasifu kunywa sumu ya strikinini kuliko mvinyo na maji. Hakuna mafunzo yoyote ndani yake. Mzaha tu wa vijana wenye nguvu nyingi kuliko shughuli.

Sikuweza kuiweka kushoto wala kulia. Kwao walivuma, redio za kule ziliwapiga, watu walijaa kumbini. Ila ukitoka nje ya eneo lile hakuna aliyewajua. Hata Lenny Kaye alipokusanya nyimbo 27 za bendi za aina hii mwaka 1972 katika Nuggets, mkusanyiko uliowafufua wengi, Sonics hawakuwemo. Imebidi nichore safu ya tatu, nyembamba: ILIFIKA MTAANI TU. Mradi una wiki moja na mpangilio wangu umeshavunjika.

19 Oktoba

Big Star, #1 Record, 1972, Memphis. Huu ndio mfano safi kabisa wa HAIKUFIKA, na mtu yeyote aliyewahi kusubiri kontena bandarini ataelewa.

Albamu ilipotoka waandishi wa muziki waliisifu. Kampuni yao, Ardent, ilikuwa chini ya Stax, na Stax walikuwa mabingwa wa soul, muziki wa Wamarekani Weusi. Kuuza vijana wanne wa Kizungu wenye magitaa yanayometa hawakuwa na mitandao yake. Stax wakaja kuingia mkataba wa usambazaji na kampuni kubwa ya Columbia, na mambo yakazidi kuharibika. Mtu akisoma sifa gazetini alikwenda dukani akakuta hakuna. Mteja ana pesa mkononi, bidhaa ipo ghalani, na katikati hakuna boda wa kuipeleka. Nimeona jambo hilo kwa bushi za Toyota, sembuse kwa santuri.

Maoni yangu: nusu ya kwanza ya albamu haina doa. Alex Chilton alikuwa ameshaonja umaarufu akiwa na umri wa miaka 16, aliimba na The Box Tops wimbo uliopanda hadi namba moja Marekani mwaka 1967, kwa hiyo anaimba kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka safari ndefu na bado hajatimiza miaka 22. Nusu ya pili inalegea. Chris Bell, aliyejenga sehemu kubwa ya sauti ile, aliondoka muda mfupi baadaye. Naipenda, lakini siipendi kwa kuionea huruma, na hilo nataka lionekane kijitabuni.

Kumbuka: Chilton atarudi kwenye hadithi hii. Usimalizie maneno yake hapa.

20 Oktoba

Leo Death. Ndugu watatu Weusi wa Detroit, David, Bobby na Dannis Hackney, walirekodi nyimbo saba mwaka 1975 huku Clive Davis, aliyewahi kuwa mkuu wa Columbia, akiwa ndiye mlipaji. Davis alitaka wabadilishe jina la bendi. David alikataa. Pesa zikaishia hapo. Mwaka uliofuata wakajitolea wenyewe santuri ndogo ya nyimbo mbili, nakala 500, na kanda zilizobaki zikakaa darini. Albamu ikatoka 2009, imepewa jina ...For the Whole World to See, dakika 26 hivi. David alikuwa amefariki tangu mwaka 2000.

Kila ninapomweleza mtu habari hii ananiuliza, kwa nini asingebadilisha tu? Bendi iitwayo Kifo, nani ataiweka redioni? Mimi mwenyewe dukani ningebadilisha jina kwa punguzo la asilimia tano. Lakini nikisikiliza gitaa la David naona kwamba ubishi ule ndio uleule unaopiga gitaa. Huyu ni mtu asiyejua kupunguza, na angejua, hizi nyimbo zingekuwa nyingine. Naiweka kushoto, ingawa hapa mwenye mzigo ndiye aliyekataa kuutoa kwa masharti ya mnunuzi.

2 Novemba

Wiki mbili sikuandika. Mzigo wa vipuri ulifika, na mtoto wa dada alikuwa na homa.

Jana jioni nimefanya jaribio la kwanza kwa watu. Kinyozi wangu wa Magomeni ana spika nzuri na moyo wa subira, nikamwomba nusu saa. Nikaweka The Monks, Black Monk Time, 1966.

Hawa walikuwa Wamarekani watano waliokuja Ujerumani kama askari, wakamaliza utumishi, wakabaki. Walinyoa utosi kama watawa wa Kikatoliki, wakavaa nguo nyeusi na kamba shingoni, wakawa wanapiga kwenye klabu za Hamburg. Mmoja, Dave Day, alipiga banjo ya umeme, si kwa kudonoa nyuzi kama banjo inavyopigwa, bali kwa kuichapa kama mtu anayekung'uta mkeka. Dramu haina madaha, kinanda kinalia kama king'ora, na Gary Burger anafungua albamu kwa kupiga kelele juu ya Vietnam. Ilitolewa na kampuni ya Polydor, Ujerumani. Marekani haikutolewa wakati ule, na 1967 bendi ikavunjika.

Saluni: mteja wa kwanza akasema mashine ya kunyolea imeharibika. Wa pili akauliza kama ni watu wa dhehebu fulani. Kijana anayefagia nywele aliacha kufagia, akasimama na fagio, na kichwa kikaanza kwenda chenyewe. Wimbo wa tatu akasema, "Kaka, hii si kama singeli tu? Ila imepungua spidi."

Hilo neno limenifanyia kazi wiki nzima ya kuandika. Singeli nayo ilipoanza huko uswahilini watu wazima waliiita kelele, na hadi leo wapo wanaoiita hivyo. Monks hawakutaka utamu, walitaka mapigo: toa kila kinachopendeza, acha kinachogonga. ILIFIKA IKAKATALIWA, bila ubishi. Wajerumani waliisikia vizuri kabisa na wakarudi kwa Beatles.

Kinyozi mwenyewe, nilipomuuliza, alisema tu, "Wamenyoa vibaya." Alikuwa ameona picha.

9 Novemba

Mvua za vuli, na umeme umekatika tangu saa kumi na mbili jioni. Simu ina asilimia 40. Nimeweka spika za masikioni na nimesikiliza Young Marble Giants, Colossal Youth, 1980, kutoka Cardiff, Wales.

Nadhani hii albamu inataka umeme ukatike. Watu watatu: Alison Statton anaimba kama anayejisemea akikunja nguo, ndugu wawili, Stuart na Philip Moxham, wanapiga gitaa na besi, na badala ya mpiga dramu kuna mashine iliyotengenezwa na binamu yao. Kati ya noti na noti kuna nafasi kubwa, unasikia hewa. Nje jenereta la baa lilikuwa linanguruma na mvua inapiga bati, na bado muziki ule mdogo haukumezwa. Walitoa albamu hii moja ya studio, kupitia kampuni ya Rough Trade, wakaachana.

Watu watasema hii si gereji. Kweli, haina kelele hata kidogo. Ila imetengenezwa kwa vilivyopo, na kile ambacho hawakuwa nacho hawakukiigiza. Hawana mpiga dramu, basi hawana. Kwangu hicho ni kigezo kikubwa kuliko kelele. Inabaki.

Betri asilimia 11. The Feelies, Crazy Rhythms, 1980, New Jersey: vijana wenye miwani, magitaa makavu yanayokimbia kama cherehani, wimbo wa kwanza unaanza kimya hadi unadhani simu imezima. Nzuri. Sina la ziada, na kijitabuni nitaipa ukurasa mmoja na nusu nijifanye nina la ziada.

16 Novemba

Leo ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. The Gories.

Detroit tena, 1986. Mick Collins na Dan Kroha wanashika magitaa, Peggy O'Neill anakaa kwenye dramu, na karibu hakuna aliyekuwa anajua anachokifanya. Hakuna besi kabisa. Dramu yake haina matoazi, ni tumtum na mkono unaochapa kama anayetwanga kisamvu. Magitaa yana kutu. Albamu ya pili, I Know You Fine, but How You Doin', ilitoka 1990, na msimamizi wa kurekodi alikuwa nani? Alex Chilton. Yule yule wa Big Star, ambaye albamu yake ilipakwa rangi ikang'aa, ikakwama ghalani. Miaka 18 baadaye amekaa Memphis anarekodi watu watatu wasio na besi, na hasafishi kitu.

Hapa nilisimamisha muziki nikanywa maji. Nafikiri (na haya ni yangu, sijamsikia yeye akisema) kwamba mtu akishaona kazi safi imeshindwa kufika kwa sababu zisizohusu usafi, hana tena sababu ya kupiga pasi. Ukisikiliza Gories huku unaijua #1 Record, unasikia anachokiacha makusudi. Kuna wimbo ambapo magitaa mawili yanapishana kidogo tu, kama madaladala mawili kwenye barabara ya njia moja, na msimamizi mwingine yeyote angesema turudie. Hakurudia.

Ndio muziki wa gereji ninaoupenda kuliko wote. Si kwa sababu hawajui kupiga. Wapo wengi wasiojua kupiga na hawanishtui. Hawa wanajua wapi pa kupiga, hawajui tu jinsi. Mtoto wa Kariakoo anayecheza ngoma kwenye ndoo ya maji ana ujuzi huohuo: mkono haujafunzwa, sikio limefunzwa tangu tumboni. Collins alikulia ndani ya santuri za soul na bluzi. Akikosea, anakosea ndani ya mdundo.

Uthibitisho ni bendi yake ya baadaye, The Dirtbombs, na albamu yao Ultraglide in Black, 2001. Wapiga dramu wawili, besi mbili, gitaa moja, na karibu nyimbo zote ni za soul za wengine, zimetiwa ngurumo. Mwenye masikio ya dansi la zamani akitaka mlango wa kuingilia roki ya gereji, nampa hii kwanza. Nimemtumia shemeji. Amejibu kwa alama ya moto tatu, na shemeji si mtu wa moto.

Gories: ILIFIKA IKAKATALIWA. Dirtbombs: ilifika kwa wachache, wakaishika sana. Safu ya nne? Hapana. Nimejikataza.

23 Novemba

Siku mbaya kwa mradi, njema kwa akili.

Tangu mwanzo nilikuwa na The Shaggs kwenye orodha, Philosophy of the World, 1969. Kila mwenye orodha ya aina hii huwaweka. Dada watatu wa mji mdogo wa Fremont, New Hampshire: Dot, Betty na Helen Wiggin. Baba yao, Austin, aliamini utabiri wa mama yake kwamba mabinti wake wangekuwa wanamuziki maarufu. Akawatoa shuleni, akawanunulia vyombo, akawapeleka studio. Zilipigwa nakala elfu moja, na inasemekana mia tisa kati ya hizo zilitoweka. Baba alifariki 1975 na mabinti wakaacha kupiga mara moja.

Nimeisikiliza mara tatu wiki hii. Dramu inakwenda Kibaha, magitaa yanakwenda Bagamoyo, na wasichana wanaimba katikati kwa utulivu kama hawajaona chochote. Wapo wanaocheka. Wapo wanaosema ni kazi ya kipaji cha ajabu kisichofungwa na sheria. Mwaka jana mimi nilikuwa kwenye kundi la pili, na nilibishana na mtu hadi usiku.

Sasa siwezi. Kitu kinachonikaba ni kule kuacha mara moja. Monks walichagua kunyoa utosi. Gories walichagua kuishi bila besi. David Hackney alichagua jina. Hawa hakuna walichochagua, walitumwa. Nikisifu "uhuru" wao nasifu kitu ambacho wao wenyewe hawakuwa nacho. Nikicheka, nacheka watoto waliotumwa na baba yao. Najua wengine wanasikia uzuri pale, na simkatazi mtu. Ila kijitabu ni changu. Nimewaondoa.

Nimeondoa pia The Clean wa Dunedin, New Zealand, kwa sababu nyepesi zaidi: Boodle Boodle Boodle ya 1981 ni santuri ya nyimbo tano, si albamu, na kwao iliingia kwenye chati. Naipenda mno, ila haikupuuzwa na mtu yeyote isipokuwa sisi tuliokuwa mbali.

Zimebaki kumi. Kurasa nne tupu.

30 Novemba

Nilikwenda kwa mjomba, Yombo. Alifanya kazi TAZARA miaka mingi, hadi kustaafu. Nilikuwa na fleshi yenye albamu mbili za Zambia, nikitaka kujua kama alizisikia alipokuwa anapanda na kushuka kilomita 1,860 kati ya hapa na Kapiri Mposhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekula? Hicho nini umeshika?"

Nikachomeka kwenye redio yake. Kwanza WITCH, Lazy Bones!!, 1975. Jina lao ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wanakusudia kuleta vurugu, na mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alijiita Jagari kwa kumfuata Mick Jagger. Kisha Amanaz, Africa, mwaka huohuo. Zambia ya wakati ule ilikuwa na shaba, shaba ilileta mishahara, mishahara ilinunua magitaa, na Kaunda alitaka redio ipige muziki wa nyumbani, basi vijana wakatengeneza roki ya nyumbani. Halafu bei ya shaba ikaanguka, na miaka ya baadaye UKIMWI ukachukua wengi wao. Jagari alibaki, na mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya.

Amanaz ndiyo inayonishika zaidi. WITCH wanashambulia, Amanaz wana huzuni ya mtu aliyekaa barazani saa kumi jioni, na ghafla gitaa linapanda na kuvuma kama radi kavu. Kuna toleo kavu na toleo lenye mwangwi. Mimi ni wa kavu.

Mjomba alisikiliza wimbo mzima mikono ikiwa magotini. Akasema Paul Ngozi, mwanamuziki wa hukohuko Zambia, alimsikia sana kwenye baa za Kapiri, hawa hakumbuki. Halafu akaniuliza swali ambalo nilistahili: "Na wa hapa mbona huna? Wale Sunburst?"

Sikuwa nao. Niliwajua, niliwahi kuwasikia, na sikuwaweka. Sababu ikiwa ni nini? Naona aibu kuiandika: nilidhani gereji ni ya ng'ambo, na Kapiri kwangu ilikuwa ng'ambo ya kutosha, lakini Dar hapana.

Sunburst walianza hapa hapa Dar mwaka 1970, mwaka mmoja tu baada ya muziki wa soul kupigwa marufuku jijini. Walichanganya roki, soul, ngoma na dansi, na albamu yao moja, Ave Africa, walikwenda kuirekodi Zambia, 1976. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kupiga santuri, mambo hayo yalimalizikia Nairobi au kwingine. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi zao zote ikazitoa upya. Yaani santuri ya watu wa Dar inanifikia mimi wa Dar kwa kupitia Zambia na London.

"Walikuwa wanapiga vizuri?" nikamuuliza.

"Nguvu walikuwa nayo. Utamu walikuwa bado wanautafuta." Akacheka. "Sisi tulikuwa watu wa dansi la NUTA Jazz, bwana. Umetoka kazini, unataka kucheza na mtu, hutaki kufokewa na gitaa."

Basi nikaandika palepale, kwenye benchi lake: HAIKUFIKA, na pia ILIFIKA IKAKATALIWA. Mtu mmoja aliyeisikia bendi yenyewe kwa masikio yake, akachagua kwingine bila majuto.

1 Desemba

Nimeisikiliza Sunburst usiku kucha, na lazima niseme ukweli wangu. Si bora kuliko Gories. Si bora kuliko Amanaz. Albamu inahama-hama, wimbo huu wanataka kuwa bendi ya roki, unaofuata wanataka kuwapendeza wachezaji, na kuna mahali wanaachia mdundo mzuri kabla haujaiva. Mjomba ameona sawasawa. Lakini wanapoimba Kiswahili, kama kwenye "Enzi za Utumwani", na gitaa linatia kutu juu yake, nasikia jambo ambalo hakuna albamu nyingine kwenye orodha inalonipa: sihitaji kuvuka chochote kufika. Zile nyingine zote nimejifunza kuzipenda. Hii nilikuwa nazungumza nayo.

Inaingia. Kumi na moja. Kurasa mbili zilizobaki nimezichora mistari tupu, juu nimeandika: "Yako ipi?"

8 Desemba

Steshenari, jina tuliache. Karatasi 240, mbele na nyuma, shilingi 36,000. Nilimweleza kijana wa mashine mara mbili: kunja katikati, geuza upande mfupi. Akageuza upande mrefu. Kwa hiyo katika nakala zote 40 kila ukifunua, upande mmoja uko sawa na mwingine umesimama kwa kichwa. Big Star wako juu chini. Monks wako sawa, na hakuna ambaye angegundua wangekuwa kinyume.

Sina 36,000 nyingine. Zitatoka hivihivi. Usiku nimebana kwa stepla huku Dirtbombs wakiunguruma kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mama mwenye nyumba.

15 Desemba

Hesabu ya wiki. Nakala 40. Zilizotoka: tisa. Tatu saluni ya Magomeni (kijana wa fagio amechukua moja nyumbani), moja kwa mjomba, moja kwa shemeji, moja jirani wa duka aliyeuliza bado picha za magari ziko ukurasa gani, tatu kwa mafundi wa Ilala.

Zilizobaki, 31, ziko ndani ya boksi la plagi chini ya kaunta. Nimezitazama leo asubuhi na nikakumbuka Ardent na Stax, nikaona haya.

Mchana fundi mmoja wa Ilala alikuja kuchukua bolijointi, kijitabu kimetoka mfukoni kimekunjwa mara nne na kina alama za vidole vya grisi. Kwenye kurasa za mistari, chini ya "Yako ipi?", ameandika bei ya shokapu za Noah na namba ya simu ya mtu wa Buguruni. Nikamuuliza kama amesoma. Amesoma wa Detroit, yule aliyekataa kubadilisha jina. "Huyo mpumbavu," akasema, kisha akaomba nimwekee hizo nyimbo saba kwenye fleshi.

Kesho boda anapeleka mzigo wa bushi Buguruni. Nitaweka vijitabu vitano juu ya boksi, na karatasi yenye namba ile.